Mgeni na Milango Miwili

Ukisikia watu wakisema, "Fulani amefukuzwa nchini," huenda ukadhani kwamba jambo hilo ni la nchi moja tu: serikali imemchoka mgeni, askari wamemshika mkono, naye ametolewa kama mtu atolewavyo nyumbani usiku na mlango kufungwa nyuma yake. Lakini mtu aliyetolewa nyumbani aweza kusimama barabarani mpaka kuche. Dunia ya leo, ewe msomaji, haina barabara ya namna hiyo. Karibu kila shubiri ya nchi kavu ina serikali yake, na mguu unaoondolewa katika ardhi ya serikali moja hauna budi kukanyaga ardhi ya serikali nyingine. Kwa hiyo kumfukuza mgeni kwahitaji milango miwili, mmoja wa kumtoa na wa pili wa kumpokea. Wa kwanza umo mikononi mwa serikali imfukuzayo. Wa pili haumo mikononi mwake hata kidogo. Nataka kukusimulia yaliyowapata watu wa Afrika Mashariki ambao mlango wa kwanza ulifungwa nyuma yao, na wa pili haukufunguliwa.

Yafaa kwanza uijue sheria yenyewe. Nchini Kenya habari hizi zimo katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Sheria hiyo humpa Waziri uwezo wa kuandika amri kwamba mtu asiye raia aondolewe nchini, kama kukaa kwake si halali au kama ni mmoja wa wale ambao sheria imewakataza kuingia. Angalia maneno hayo, "asiye raia." Raia hafukuzwi kwao. Aweza kushitakiwa, aweza kufungwa gerezani, lakini nchi ni yake. Kisha sheria yasema mtu huyo apelekwe wapi: arudishwe alikotoka, au apelekwe katika nchi iliyo yake, au mahali pengine anapopakubali mwenyewe, ikiwa serikali ya mahali hapo imekubali kumpokea. Na mpaka siku ya safari yake aweza kuwekwa kizuizini. Unaona, basi, kwamba mlango wa pili umeandikwa katika sheria yenyewe. Amri ya Waziri ni karatasi, haina mabawa. Ikiwa mgeni hana pasipoti, lazima ubalozi wa nchi yake umkubali kuwa ni mtu wao na kumpa hati ya safari, na ubalozi ukinyamaza, mgeni hukaa kizuizini akingoja jibu.

Usichanganye jambo hili na lile la kale la wafalme. Mwaka 1899 Waingereza waliwakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabarega wa Bunyoro, wakawapeleka visiwa vya Shelisheli. Hao hawakuwa wageni, bali wenyeji walioondolewa katika nchi yao wenyewe na wageni wenye bunduki. Hiyo ni habari nyingine, ingawa chombo kilichowachukua kilikuwa merikebu vilevile.

Habari yetu yaanza na reli. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga njia ya reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Kwa kazi hiyo walileta kutoka Bara Hindi vibarua na mafundi zaidi ya 30,000. Watu wapatao 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na simba. Wengi wa waliobaki walirudi kwao mikataba yao ilipokwisha. Usiamini, basi, kama wengi waaminivyo, kwamba Wahindi wote wa Kenya ni wajukuu wa vibarua wa reli. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwako pwani zamani kabla ya reli, na wengine walikuja baadaye kwa nauli zao wenyewe. Alidina Visram, aliyekufa mwaka 1916, alikuwa na maduka kutoka Mombasa mpaka ndani ya Uganda, na hakupigilia msumari hata mmoja wa reli.

Serikali ya kikoloni haikuwaruhusu Wahindi kupata mashamba katika nyanda za juu zilizotengwa kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika ilimwekea vizuizi vingi katika biashara na katika mikopo. Matokeo yake ni kwamba Mzungu alikaa shambani, Mhindi dukani, na Mwafrika akawa mfanyakazi wa wote wawili. Mpango huo haukutungwa na Mhindi, lakini yeye ndiye aliyesimama nyuma ya meza ya duka, na sura yake ndiyo Mwafrika aliyoiona kila siku akinunua chumvi na mafuta ya taa. Hasira ya mwaka 1967 na ya mwaka 1972 haiwezi kueleweka bila meza ile.

Hata katika siku za mkoloni mlango wa pili uliwahi kuisumbua serikali. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi mwaka 1927 akiwa kijana, akawa mmoja wa waanzilishi wa vyama vya wafanyakazi nchini. Aliporudi Kenya mwaka 1947 baada ya kukaa miaka kadhaa Bara Hindi, serikali ilitaka kumrudisha huko. Ilijaribu mara mbili kwa njia ya sheria ya uhamiaji, na mara mbili ikashindwa, kwa kuwa ilithibitika kwamba alikuwa mkaaji halali wa Kenya. Tena yafaa ujue kwamba mwaka uleule wa 1947 Bara Hindi lilikuwa limegawanywa, na mahali alipozaliwa, karibu na Gujranwala, palikuwa pamekuwa Pakistan. Basi serikali iliposhindwa kumtoa nje, ilimtafutia chumba cha ndani. Mwaka 1950 alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa nchi, na hakuachiliwa huru mpaka Oktoba 1961. Miaka kumi na moja ilipita bila yeye kuhukumiwa kwa kosa lolote la jinai.

Sasa tufike kwenye uhuru. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru, na Katiba ikaamua nani ni raia tangu siku hiyo. Aliyezaliwa Kenya, na baba au mama yake naye akazaliwa Kenya, alikuwa raia papo hapo bila kuomba. Wengine wengi, hasa waliozaliwa hapa na wazazi waliotoka ng'ambo, walipewa haki ya kuandikishwa wakitaka, na muda wao ulikuwa miaka miwili, mpaka tarehe 12 Desemba 1965. Lakini uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa, na haukuruhusiwa mpaka Katiba ya mwaka 2010. Aliyetaka kuwa Mkenya alipaswa kuukana uraia wake wa Uingereza.

Jitie katika nafasi ya mwenye duka wa Nakuru mwaka 1964. Jamaa yako wamekuwa hapa miaka arobaini. Una pasipoti ya buluu yenye nembo ya Malkia. Serikali mpya ina umri wa miezi michache, na Kongo, ambako uhuru ulikuja mwaka 1960, bado kuna vita. Je, utaitupa pasipoti ile? Wengine waliitupa bila kusita, wakaandikishwa. Wengine waliona ni busara kugawana, mume akawa Mkenya na mke akabaki na uraia wa Uingereza, ili nyumba iwe na mguu mmoja kila upande. Wengi walingoja tu. Watu zaidi ya 170,000 walihesabiwa kuwa Waasia nchini Kenya mwaka 1962, na muda ulipokwisha sehemu kubwa yao walikuwa hawajaomba. Waafrika wengi waliona kungoja huko kuwa ni dharau: hawa wanataka faida ya nchi bila kuwa watu wa nchi. Mimi naona kwamba wengi wao waliongozwa na woga kuliko dharau, lakini siwezi kumlaumu aliyeshindwa kuutofautisha woga na dharau akiwa amesimama upande wa pili wa meza.

Kisha ikaja sheria. Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mpya ya uhamiaji, ikaanza kutumika mwezi wa Desemba mwaka huo. Kila asiyekuwa raia alitakiwa kuwa na kibali cha kukaa na kufanya kazi, na kibali hakikutolewa kama kulikuwa na raia awezaye kazi ile. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka uohuo ilimzuia asiye raia kufanya biashara katika sehemu fulani za miji na kuuza bidhaa fulani. Angalia kwamba hakuna aliyeambiwa, "Tunakufukuza." Aliambiwa tu kwamba kibali chake hakikukubaliwa, au kwamba leseni yake haitaandikwa upya. Lakini mtu asiye na kibali yuko nchini kinyume cha sheria, na aliye nchini kinyume cha sheria aweza kuondolewa. Hivyo ndivyo uhamiaji ufanyavyo kazi mara nyingi. Kabla ya askari kuonekana, karani amekwisha kumaliza kazi yote kwa muhuri.

Watu walishika pasipoti zao za buluu wakaenda uwanja wa ndege wa Embakasi. Nchi iliyowapa pasipoti ilikuwa na wajibu wa kuwapokea. Hiyo ndiyo maana ya pasipoti. Katika majira yale, mwishoni mwa mwaka 1967 na mwanzoni mwa mwaka 1968, ndege zilizokwenda London zilijaa. Magazeti ya Uingereza yakapiga kelele, na wanasiasa wakaogopa. Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni mwanzoni mwa miaka ya 1960, alisema waziwazi kwamba watu hao walikuwa wameahidiwa, na kwamba Uingereza ilijua ilichokuwa ikikifanya. Hakusikilizwa. Tarehe 27 Februari 1968 Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, aliwasilisha mswada Bungeni, na kufikia tarehe 1 Machi ulikwisha kuwa sheria. Siku tatu! Wewe mwenyewe huenda ulipewa muda mrefu zaidi kuandika insha yako ya likizo.

Sheria hiyo haikuwanyang'anya watu wale uraia wao, na hapo ndipo penye ujanja. Iliwaacha wakiitwa raia wa Uingereza na Makoloni kama kwanza, lakini ikasema kwamba raia wa namna hiyo hataingia Uingereza kwa haki, isipokuwa yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake alizaliwa huko au alipata uraia huko. Mlowezi wa Kizungu wa Kitale alikuwa na babu wa namna hiyo. Mwenye duka wa Kihindi wa mji uleule hakuwa naye. Pasipoti zao zilifanana kwa rangi na kwa nembo, ila moja ilifungua mlango na ya pili haikuufungua. Vibali maalumu vilitengwa kwa wakuu wa jamaa, 1,500 kwa mwaka mzima, na waliobaki wakaambiwa wangoje zamu.

Wangojee wapi? Kenya ilisema hawana kibali. Uingereza ilisema hawana zamu. Wapo waliopanda ndege wakafika London, wakakataliwa na kurudishwa. Walipofika Nairobi wakakataliwa tena kwa kuwa hawakuwa raia wa Kenya, wakarushwa upya. Waingereza waliwafananisha na mpira mdogo wa manyoya upigwao huku na huku na wachezaji wawili. Wengine walifungwa katika magereza ya Uingereza wakati mambo yao yakiamuliwa: raia wa Uingereza, ndani ya gereza la Uingereza, kwa kosa la kuja Uingereza.

Hayo yalikuwa ya polepole. Ya Uganda yalikuja kwa ghafula. Tarehe 4 Agosti 1972 Jenerali Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke nchini katika siku 90, na siku ya mwisho ikawa tarehe 8 Novemba. Wale waliojiita raia wa Uganda waliamriwa kupeleka karatasi zao zikaguliwe. Walipanga foleni Kampala wakiwa na vyeti vya kuzaliwa vya baba zao na risiti za zamani. Sheria ilikuwa imemtaka aliyeandikishwa uraia wa Uganda aukane ule wa Uingereza katika muda wa miezi mitatu. Aliyechelewa, hata kwa siku chache, aliambiwa kwamba hakuwa raia wa Uganda kamwe. Lakini alikuwa amekwisha kuukana uraia wa Uingereza! Aliamka akiwa raia wa nchi moja, akalala bila nchi yoyote.

Mwalimu Julius Nyerere alilaani waziwazi kitendo cha Amin kuwa ni ubaguzi wa rangi. Serikali chache za Afrika zilithubutu kusema vile, na sisi wa Kenya hatuwezi kujivuna: waliofukuzwa walipita nchini mwetu katika magari ya moshi mpaka bandari ya Mombasa wakapanda meli, wala hatukuwaruhusu kukaa. Njiani ndani ya Uganda walisimamishwa vizuizini na askari, wakapekuliwa na kunyang'anywa saa na bangili. Jamaa nzima iliruhusiwa kuchukua fedha zipatazo paundi 50. Maduka, viwanda na nyumba vilibaki.

Safari hii Uingereza ilifungua mlango. Serikali ya Edward Heath ilikubali kwamba nchi ina wajibu wa kumpokea raia wake anayefukuzwa kwingine, na ndege ya kwanza ilitua uwanja wa Stansted tarehe 18 Septemba 1972. Watu zaidi ya 27,000 waliingia, wengi wakalazwa kwanza katika kambi 16, nyingi zikiwa kambi za jeshi zilizoachwa, katika baridi wasiyoizoea. Baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwashauri wasije mjini kwao. Wakaenda vilevile, na kwa idadi kubwa. Kanada ilichukua maelfu. Wale wasiokuwa na nchi walipokewa na Umoja wa Mataifa, wakapelekwa kambi za muda huko Austria, Italia na Malta.

Mlango huo nao ulifunguliwa nusu tu. Mtu mmoja aliyezaliwa Uganda alitoka katika kambi ya Austria akaruka mpaka London mwaka 1973. Alidai kwamba yeye ni mtu aliye chini ya himaya ya Uingereza, na kwamba kwa sheria ya mataifa Uingereza haiwezi kumkataa. Kesi yake ilifika Mahakama ya Rufani. Lord Denning alijibu kwamba kanuni ile yafaa mtu mmoja anapofukuzwa, wala haiwezi kutumika watu wanapofukuzwa kwa maelfu. Yaani kadiri dhuluma ilivyo kubwa, ndivyo haki ya aliyedhulumiwa ilivyo ndogo. Mimi si mwanasheria, lakini sijaona hesabu ngeni kuliko hiyo.

Maneno hayo "chini ya himaya" yahitaji kuelezwa, maana yalibeba maisha ya watu. Nchi ya Kenya, kwa sheria ya Waingereza, ilikuwa vipande viwili: bara lilikuwa koloni, lakini ukanda wa pwani, ambao ulikuwa wa Sultani wa Unguja, ulikuwa nchi ya himaya tu. Uganda nayo yote ilikuwa himaya. Mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Nairobi, basi, alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni, na binamu yake aliyezaliwa Mombasa huenda akawa mtu wa himaya tu, asiye raia hasa. Utoto wao wote tofauti hiyo haikuwa na maana. Kisha Waasia 31 wa Afrika Mashariki wakaishitaki Uingereza mbele ya Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwezi wa Desemba 1973 Tume iliamua kwamba kuwakataa raia kwa ajili ya asili yao ni kuwatweza. Lakini uamuzi huo uliwafaa 25 tu, waliokuwa raia. Wale sita wa himaya hawakupata kitu. Tena taarifa ya Tume haikutangazwa kwa watu mpaka mwaka 1994.

Afrika nayo ilikuwa imejifunza jambo. Ghana ilikuwa imewatoa wageni wengi mwaka 1969, kisha ikaja Uganda. Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana hapa Nairobi mwezi wa Juni 1981, walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu. Kifungu cha 12 chasema kwamba mgeni aliyeingia kwa halali asifukuzwe ila kwa uamuzi uliofuata sheria, na kwamba ni marufuku kuwafukuza wageni kwa wingi kwa sababu ya taifa, rangi, kabila au dini yao. Mwezi wa Januari 1983, kabla Mkataba haujaanza kutumika, Nigeria iliwaamuru wageni wasio na hati waondoke, na Waghana wapatao milioni moja wakajaa barabarani na mizigo yao.

Huko Uingereza vibali vile vya zamu viliendelea kutolewa kidogo kidogo mpaka vikafutwa mwaka 2002. Mwaka huohuo Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwaruhusu waliobaki na hati za namna ile, wasio na uraia wa nchi nyingine, waandikishwe kuwa raia kamili wenye haki ya kuingia. Ilianza kutumika tarehe 30 Aprili 2003. Mtoto aliyekuwa amebebwa mgongoni katika uwanja wa Embakasi mwezi wa Machi 1968 alikuwa sasa mtu mzima wa miaka thelathini na mitano hivi, na waliombeba walikuwa wazee, au hawakuwako tena kupeleka maombi.